Muulize Fundi: Land Rover ya jeshi na ekseli ya Salisbury

SWALI: Fundi, assalamu alaykum. Mimi msomaji wako wa Mtambwe, Pemba. Nina Land Rover 109 (ile ndefu) ya pikapu, iliyokuwa gari ya jeshi, ni ya mwaka 1969, injini ya petroli na bado ina nguvu. Naipakia mchanga na matofali, na ukifika msimu wa karafuu nabeba magunia kutoka mashamba ya bondeni kupandisha barabarani. Tatizo langu ni shafti za magurudumu ya nyuma. Zinakatika, mara ya kushoto, mara ya kulia, na kila ikikatika ni pale pale kwenye meno yanayoingia ndani ya difu, zile gia za kwenye ekseli. Sasa kuna mtu Dar es Salaam ana ekseli nzima ya Salisbury, anasema ameitoa kwenye Land Rover 110 na itaingia kwangu bila ya tabu. Wengine wananambia nifunge ekseli ya lori kabisa nimalize mambo. Mchanga napakia ndoo 70 kwa safari, na springi mpaka leo hazijavunjika. Nifunge ipi, na kazi yenyewe iendeje? (A.S., Mtambwe)

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu A.S. Kama hujatuma pesa, usitume. Salisbury ndiyo ekseli inayokufaa, lakini si hiyo ya 110.

Land Rover 110 ilitoka mwaka 1983, na yeye anakaa juu ya koili, wewe unakaa juu ya springi za mapleti. Kwa hiyo vikalio vilivyochomelewa kwenye ekseli yake havihusiani na springi zako. Hilo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kulitatua. Lisilotatulika kwa kuchomelea ni uwiano wa difu. Ekseli zako za mwaka 1969, ya mbele na ya nyuma, zinakwenda kwa 4.7: propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye ekseli, inazunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ya 110 ni 3.54. Ukiifunga nyuma ukaiacha ya mbele ilivyo, siku utakayoingiza fowili (magurudumu yote manne yavute), kila mita tatu ambazo magurudumu ya mbele yanataka kwenda, ya nyuma yatataka kwenda nne. Gari yako haina difu ya katikati ya kuamua ugomvi huo. Kwenye tope matairi yatateleza na utavumilia kwa muda. Kwenye kifusi kikavu au lami kitu lazima kipasuke, na mara nyingi ni krosi (kiungo) ya propela au gia za ndani ya transfa, lile sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma. Hata usipoingiza fowili, utapoteza robo ya nguvu ya kupanda mlima, na wewe unaishi Mtambwe, huna ardhi tambarare ya kukufichia hasara hiyo.

Unayoitafuta ni Salisbury ya Land Rover 109 Series III (toleo la tatu), ya springi za mapleti. Kiwanda kilianza kuzifunga kwa kawaida kwenye 109 mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaani muda mfupi tu baada ya gari yako kutoka. Hiyo inakaa kwenye springi zako na uwiano wake ni 4.7.

Kuitambua si kazi. Chutama nyuma ya gari. Ekseli uliyonayo sasa, ambayo mafundi wanaiita ya Rover, kwa nyuma ina tumbo laini lililofungwa kabisa, na difu inafungwa kwa mbele kwa nati, inatoka nzima kama ilivyo. Salisbury kwa nyuma ina kifuniko cha duara kinachofungwa kwa bolti kumi, na pua yake inayoelekea kwenye propela ni ndefu. Ndani, shafti za Rover zina meno 10 makubwa, na hapo kwenye mashina ya meno ndipo chuma kinapochoka. Za Salisbury zina meno 24 membamba na shafti yenyewe ni nene zaidi. Ndiyo sababu mafundi wa Land Rover kila pahala wanaipenda.

Lakini kifuniko cha bolti kumi hakikwambii uwiano, na maneno ya muuzaji pia usiyachukue kuwa kipimo. Mtume mtu unayemuamini akahesabu, hata kama ekseli iko chini kwenye lundo la vyuma. Aiinue juu ya matofali pande zote mbili. Apige mstari wa chaki kwenye hubu (kitovu cha gurudumu) ya kulia, na mstari mwengine kwenye flenji ya piniani, ile gia ndogo ya difu, pale propela inapofungwa. Mtu mmoja aishike hubu ya kushoto isitikisike hata kidogo. Wa pili azungushe hubu ya kulia mizunguko miwili kamili, polepole, na watatu ahesabu flenji inazunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7, alipe. Ikizunguka mara tatu na nusu, hiyo ni ya 110, aiache. Miwili, si mmoja, kwa sababu upande mmoja ukishikwa difu inaupeleka mzunguko wote upande wa pili, na gurudumu huru linakwenda mara mbili.

Akiwa hapo hapo afungue kifuniko. Oili ikiwa nyeusi haina neno. Ikiwa inametameta kama rangi ya fedha, krauni (gia kubwa ya duara) na piniani zinalika, au beringi. Apitishe kidole kwenye kila jino la krauni kutafuta pahala palipomeguka. Aishike flenji ya piniani aivute mbele na nyuma: isicheze hata kidogo kwa kuvuta, ingawa kwa kuizungusha kuna mchezo mdogo wa kawaida. Nasisitiza haya kwa sababu Salisbury ina ubaya wake mmoja. Difu ya Rover ikiharibika unaitoa kwa mbele, unaweka nyengine, siku hiyo hiyo unaondoka. Ya Salisbury imekaa ndani ya gamba lake, imebanwa kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma), na kitabu cha kiwanda kinataka gamba litanuliwe kwa kifaa maalumu ndipo itoke. Pemba kifaa hicho hutakiona kirahisi. Kwa hiyo nunua iliyo kimya na nzima, na ikiwa kimya usiifungue kwa udadisi.

Sasa ndoo 70. Ndugu yangu, hapa nataka unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mbichi inazidi kilo 30. Zidisha mwenyewe: unabeba zaidi ya tani mbili, bila ya kuhesabu wale vijana wanaokaa juu ya mchanga. Gari ya 109 ilitengenezwa kwa takriban tani moja. Kwa saruji ni mifuko 20 ya kilo 50, basi. Umesema springi hazijavunjika, na mimi nakuamini, pengine jeshi liliziongeza mapleti. Lakini springi ngumu haziongezi breki, haziongezi unene wa chesisi, wala hazizipi beringi za hubu maisha mapya. Shafti zako zilikuwa zinakatika kwa sababu ndizo dhaifu kuliko vyote kwenye msururu, na kwa namna fulani zilikuwa zinakulinda. Ukiweka Salisbury, shafti hazitakatika tena kwa mzigo ule, na nguvu ile ile itatafuta pengine: krosi za propela, transfa, au vishikio vya springi kwenye chesisi. Kwa hiyo funga Salisbury, na mzigo uushushe. Ndoo 30 za mchanga ni mzigo halali wa gari hiyo. Nipe ahadi ya hilo kwanza, la sivyo hii pesa ya ekseli ungeiweka tu kwenye kununua shafti za akiba.

Na jambo la uendeshaji. Unapopandisha na mzigo kutoka bondeni kwenye udongo, je, unaingiza fowili? Wengi wanapanda kwa magurudumu mawili kwa kuogopa petroli, na hapo nguvu yote ya injini inapita kwenye shafti za nyuma peke yake. Bonyeza kile kifundo cha manjano, au mlima ukiwa mkali vuta wenzo mwekundu uingie gia nzito, fowili itaingia yenyewe. Mzigo unagawana na ekseli ya mbele. Ukifika lami, toa. Na mguu wa klachi ushuke na kupanda taratibu. Kuuachia ghafla gari ikiwa imepakia ni kama kuipiga shafti nyundo.

Kabla ya kufunga chochote, ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, itabaki inang'ara miaka, lakini chesisi ni chuma na sisi tunaishi katikati ya chumvi. Gonga pole pole kuanzia vishikio vya mbele vya springi za nyuma hadi mwisho kabisa kwenye mhimili wa nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na nyundo inaacha kishimo. Gonga hasa upande wa juu ambao huuoni, pale tope linapokaa msimu mzima wa masika. Ukiona kishimo karibu na kishikio cha springi, kazi ya ekseli isimame. Chomelea chesisi kwanza kwa bamba jipya, si kiraka juu ya kutu.

Kazi yenyewe ya kufunga haina mafumbo. Iegemeze gari kwenye chesisi, si kwenye ekseli, na uzibe magurudumu ya mbele kwa magogo pande zote mbili. Usitegemee breki ya mkono. Kwenye gari yako breki ya mkono inashika propela ya nyuma pale inapotoka kwenye transfa, haishiki magurudumu. Ukishaitoa propela hiyo, gari haina breki ya mkono tena. Na hii hii ndiyo hatari unayotembea nayo kila siku bila ya kujua: shafti ikikatika mlimani, breki ya mkono inakuwa haina inachokishika, difu inazunguka tu, na gari inarudi nyuma na watu wake. Mpaka Salisbury ifungwe, na hata baadaye, weka kabari mbili za mbao nyuma ya kiti. Ukikwama mlimani ingiza fowili kwanza ndipo uvute breki ya mkono, ili ishike kupitia ekseli ya mbele.

Salisbury ni nzito kuliko unayoitoa, kwa hiyo tafuta watu na jeki ya pili. Pima kipenyo cha bomba lake kabla hujanunua yubolti (bolti za umbo la U zinazoibana ekseli kwenye springi), na ununue mpya. Yubolti iliyokwisha kuvutwa miaka 50 usiirudishe. Ukishabeba mzigo siku chache, zikaze tena.

Propela yako ya sasa itakuwa ndefu mno, kwa sababu ya ile pua. Bora upate ya Series III iliyokuja na ekseli hiyo hiyo, mwambie muuzaji akupe vyote pamoja. Kama hapana na lazima ikatwe, pima kutoka flenji hadi flenji gari ikiwa imesimama kwa matairi yake yenyewe, si ikiwa imening'inia, na uache nafasi ya kuteleza pande zote mbili. Ipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kukereza. Uma za krosi za ncha mbili lazima zitazamane sawa. Zikiachwa zimepishana, gari itatetemeka na utailaumu ekseli bure.

Breki nazo uzifungue zote za nyuma maadamu uko hapo: liningi mpya, silinda za magurudumu mpya, mpira wa breki unaotoka chesisi kwenda ekseli mpya. Drami za 109 ni za inchi 11, nazo zinatosha kwa tani moja zikiwa safi. Toa upepo mpaka pedali iwe ngumu. Oili ni EP 90, mimina mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kipimo, kisha ifunge.

Kitu kimoja utakachokosa: tumbo la Salisbury linakaa chini zaidi. Njia zile zenye mifereji miwili ya magurudumu na mgongo katikati, ambazo Rover ilipita, sasa utazigusa. Panda na gurudumu moja juu ya mgongo.

Na ya lori uliyoshauriwa, iache. Propela ya nyuma ya Land Rover inatoka upande wa kulia, na difu yake imesogezwa kulia kuifuata. Ekseli nyingi za lori difu yake iko katikati. Stadi za magurudumu ni nyengine, rimu nyengine, tairi la akiba la nyuma haliingii mbele, na uwiano kuupata sawa na 4.7 ni bahati nasibu.

SWALI: Fundi, mjomba wangu yuko Marekani. Anasema huko wenye magari ya zamani ya jeshi wanafunga ekseli ya General Motors ya bolti 14 na haivunjiki. Anaweza kuniletea kwenye kontena. Nina Land Rover ya jeshi 88. Nikubali? (Msomaji, Fuoni)

JIBU: Mjomba wako hajakudanganya. Ile ni ekseli madhubuti sana: krauni yake ni ya inchi 10.5, na piniani imeshikwa na beringi ya tatu mbele ya meno yake, kitu ambacho ekseli nyingi hazina. Huko wanaifunga chini ya magari kama Kaiser Jeep M715, ambayo kwa asili ni gari ya tani moja na robo. Kwa gari ya namna hiyo ni mantiki. Yako ni fupi na nyepesi. Utalipia kontena, halafu utakuta difu iko katikati, stadi za gurudumu nane dhidi ya tano zako, na uwiano usiolingana na wa mbele. Mpe mjomba shukurani zangu, na mwambie akuletee seti nzuri ya spana. Salisbury yenyewe, kama ilikuwa roho yako inataka damu ya Kimarekani, ilitengenezwa Uingereza kwa mfumo wa Dana 60 ya Marekani. Lakini kwa 88 isiyobeba mzigo mkubwa hata hiyo huihitaji. Shafti mpya nzuri, klachi inayoachiwa kwa adabu, utakwenda nayo.

SWALI: Fundi, gari ya nyumbani ni Land Rover 109, nayo ilikuwa ya jeshi. Mume wangu aliifunga Salisbury mwaka jana na tulifurahi. Sasa oili inatoka kwenye gurudumu la nyuma kulia na breki ya upande huo haishiki. Fundi wetu amebadilisha oili sili mara mbili na inarudi. Kijijini kwetu ikinyesha tunapita kwenye maji ya magoti. (Mama wa Makunduchi)

JIBU: Dada yangu, kabla ya sili ya tatu mwambie fundi atazame kipumulio. Ni kitu kidogo juu ya bomba la ekseli, kimekusudiwa kuiachia hewa iliyopata moto itoke. Kwenye ekseli ya mitumba karibu kila mara kimezibwa na tope, au mtu amekipaka rangi juu. Kikiziba, ekseli ikipata moto hewa inatanuka ndani, haina pa kutokea, inaisukuma oili ipite kwenye sili hata ikiwa mpya. Kisha mnaingia kwenye maji, ekseli inapoa ghafla, inavuta, na maji yanaingia kwa njia ile ile. Afungue kifuniko aitazame oili; ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia, imwagwe yote. Akitoe kipumulio akisafishe, au bora zaidi afunge mpira mwembamba wa petroli kutoka pale hadi juu chini ya bodi, pasipofika maji. Apime pia kiwango cha oili, maana ikijazwa kupita tundu la kipimo nayo inatafuta pa kutokea. Sili ikiwekwa mpya, apitishe kidole kwenye chuma inapokaa. Pakiwa na mfereji uliochimbika, sili yoyote itavuja hapo. Liningi za upande huo zikishanyonya oili hazisafishiki hata kwa petroli, zibadilishwe, na za kushoto pia, la sivyo gari itavuta upande mmoja ukikanyaga breki. Mpaka hayo yafanyike, msiiendeshe hiyo gari kuja mjini.